LOUIS RENAULT: ALIYEFICHA BREKI NDANI YA DRAMU

Simama siku moja kando ya barabara pale Ilesi, karibu na lile jiwe linalolia, uyatazame magari yanayotoka mjini Kakamega kuelekea Kisumu. Pikapu ndizo nyingi. Hii imebeba ndizi, ile mbao, nyingine makreti ya soda na watu watatu wamekaa juu ya hayo makreti. Zinapita Khayega, zinapita Chavakali, Mbale na Majengo. Zikishafika Kiboswa, barabara inaanza kuteremka hadi Mamboleo, na kule chini ziwa linaonekana likimeta. Hapo ndipo dereva hujua kama fundi aliyemtengenezea breki alifanya kazi au alimlia pesa tu.

Breki za mbele za pikapu nyingi siku hizi ni za diski, utaziona hata bila kufungua gurudumu. Za nyuma huzioni. Zimefichwa ndani ya chombo cha chuma cha mviringo, mfano wa sufuria iliyofunikwa, ambacho mafundi wetu wa jua kali hukiita dramu. Nimewauliza wenzangu kadhaa chamani ni nani aliyefikiria kuficha breki humo. Mmoja alisema ni Wajapani, maana Toyota na Nissan zimejaa kila mahali. Mwingine akasema ni Henry Ford. Kumbe aliyeandikisha wazo hilo rasmi, katika mwaka wa 1902, alikuwa kijana Mfaransa wa miaka ishirini na mitano aitwaye Louis Renault. Jina hilo tunalifahamu kama jina la gari. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu aliyezaliwa, akapanda juu kuliko alivyotazamia, na akafa vibaya.

Louis alizaliwa mjini Paris tarehe 12 Februari 1877. Baba yake, Alfred, alikuwa mfanyabiashara wa nguo na vifungo, na mali ilikuwapo ya kutosha. Kijana alipelekwa katika Lycée Condorcet, mojawapo ya shule za sifa kubwa pale Paris. Masomo hayakumwingia. Saa nyingi alizipitisha katika karakana ya Léon Serpollet, bwana aliyekuwa akiunda magari ya kuendeshwa kwa mvuke, akiangalia, akishika, akichafuka mafuta. Familia ilikuwa na nyumba nyingine kule Billancourt, kando ya mto Seine, na nyuma ya bustani kulikuwa na kibanda cha kuwekea majembe na vifaa. Louis alikigeuza kuwa karakana yake. (Walimu wetu wasije wakadhani kwamba nawashawishi wenzangu watoroke darasa. Louis alikuwa na baba tajiri wa kumlisha. Sisi tuna mtihani.)

Katika kibanda hicho, mwaka wa 1898, alichukua baiskeli ya injini ya magurudumu matatu, iliyoundwa na De Dion-Bouton, akaigeuza kuwa kigari cha magurudumu manne. Nguvu ya injini haikufika hata farasi wawili. Lakini kilichowashangaza watu hakikuwa injini. Magari mengi ya siku hizo yalivutwa kwa mnyororo, vile vile kama baiskeli zetu, na mnyororo ulikuwa ukikatika, ukipiga kelele na kurusha mafuta. Louis aliutupa mnyororo. Akaweka giaboksi ambayo gia yake ya juu iliunganisha injini moja kwa moja na mhimili wa chuma uliopeleka nguvu hadi magurudumu ya nyuma. Ukiinama chini ya pikapu yoyote leo utaiona ile propela inayozunguka katikati. Basi huo ndio ukoo wake.

Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka huo wa 1898, Louis alikuwa na marafiki wa jamaa zake, wakabishana kama kigari chake kingeweza kupanda barabara ya Lepic kule Montmartre. Barabara hiyo ina mwinuko mkali. Magari yenye injini kubwa kuliko yake yalikuwa yakihema huko kama punda aliyelemewa. Louis akapanda, akafika juu, akateremka. Inasimuliwa kwamba usiku huo huo aliagizwa magari kumi na mawili, na pesa za rubuni zikatolewa papo hapo. Miezi miwili baadaye, Februari 1899, alikuwa ameandikisha uvumbuzi wa giaboksi yake, na kaka zake wawili, Marcel na Fernand, wakaanzisha kampuni ya Renault Frères, yaani Ndugu Renault. Wao walishika biashara na hesabu. Louis alishika vyuma. Waundaji wengine wa magari walipoiga giaboksi yake bila ruhusa, aliwashtaki, wakalipa.

Sasa tuje kwenye breki, maana ndiyo sababu ya makala haya.

Gari la kwenda polepole halina shida kubwa ya kusimama. Magari ya kwanza yalitumia kipande cha mbao au ngozi kilichosukumwa kikasugua gurudumu kwa nje, sawa na mkokoteni. Baadaye wakaja na ukanda uliozungushwa nje ya dramu. Dereva akivuta, ukanda unabana. Ukanda huo ulikuwa na aibu mbili. Kwanza, ulikuwa nje, penye vumbi, matope na maji. Hebu fikiria ukanda kama huo hapa kwetu, ambako mvua hunyesha alasiri kwa miezi na miezi, na barabara za Shinyalu na Malava zinageuka uji. Pili, mikanda mingi ilibana vizuri gari likienda mbele tu. Gari likizimika mlimani na kuanza kurudi nyuma, ukanda ulilegea. Ndiyo maana magari mengine ya zamani yalibeba fimbo ya chuma chini, ambayo dereva aliiangusha ichome ardhi gari lisirudi. Si mchezo!

Haki itendeke: Wilhelm Maybach, Mjerumani, alikuwa amekwisha kutumia dramu katika magari ya Daimler muda mfupi kabla. Lakini Renault ndiye aliyeandikisha uvumbuzi wa breki ya dramu mwaka wa 1902, ile ambayo hubana kutoka ndani. Alichofanya ni kugeuza mambo. Badala ya kubana dramu kutoka nje, aliweka ndani yake vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vyenye kuvalishwa lainingi ya kusugua. Dereva akikanyaga, vipande hivyo vinatanuka na kusukuma ukuta wa dramu kutoka ndani. Mafundi wanaviita shuu, yaani viatu, na kwa kweli vinafanana na soli iliyopinda. Dramu yenyewe ikawa ni kifuniko. Tope linabaki nje.

Kuna jambo jingine zuri ambalo halionekani kwa macho. Dramu inapozunguka, huivuta ile shuu ya mbele na kuizidi kuikandamiza ukutani, kama mlango unaofungwa na upepo ambao ulikuwa ukitaka tu kuusukuma kidogo. Kwa hiyo breki hujiongezea nguvu yenyewe. Dereva wa mwaka wa 1902 hakuwa na mafuta ya breki wala chombo cha kumsaidia mguu. Alikuwa na vyuma na nyaya tu. Msaada huo ulikuwa na maana kubwa kwake.

Anayetaka kuuona werevu wa Louis Renault haendi Ufaransa. Anahitaji pikapu, jeki, spana na jioni moja ya Jumamosi nyumbani. Kazi ya kubadilisha breki za nyuma inafanyika katika nyua nyingi za hapa Kakamega, na mwenye kuitazama kwa makini huona wazo zima likifunguliwa kipande kwa kipande.

Gari huegeshwa mahali tambarare, si penye mteremko hata kidogo, na magurudumu ya mbele huwekewa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Hendibreki huachiliwa, maana hiyo nayo hubana shuu hizo hizo za nyuma, na dramu haiwezi kutoka ikiwa imeshikwa. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini. Kisha jeki. Hapa nasisitiza: jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Gari likishainuka huwekwa juu ya stendi madhubuti za chuma, na hata hivyo hakuna sababu ya kuingiza kichwa chini. Matofali yaliyopangwa hupasuka ghafla, hayatoi taarifa.

Gurudumu likitoka, dramu inabaki uso kwa uso nawe. Mara nyingi haitaki kutoka. Kutu imeishika, au shuu zimechimba mfereji ndani yake. Wengine huchukua nyundo na kuipiga mpaka inapasuka. Ukiangalia vizuri kwenye dramu za pikapu nyingi za Kijapani utaona matundu mawili madogo yenye nyuzi za bolti. Ukifunga bolti mbili za kipimo chake, zamu kwa zamu, dramu hujisukuma yenyewe ikatoka. Ikikataa bado, marekebisho ya ndani hulegezwa kupitia tundu lililoko nyuma ya sahani.

Ndani kuna vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu! Lainingi za zamani zilisukwa kwa asbesto, na Renault mwenyewe alitumia asbesto, kwa kuwa haiungui. Miaka mingi ilipita kabla dunia haijakubali kwamba vumbi lake huua mapafu. Huwezi kujua shuu kuukuu ilitengenezwa na nini, kwa hiyo vumbi hulowanishwa na kupanguswa kwa kitambaa kinachotupwa.

Halafu zinaonekana: shuu mbili, springi za kuzirudisha, fimbo ndogo ya marekebisho katikati, mkono wa hendibreki na, juu, silinda ndogo yenye mipira pande mbili. Fundi mwenye busara hafungui pande zote mbili za gari kwa pamoja. Anafungua upande mmoja, anauacha ule mwingine kuwa kitabu chake. Akisahau springi hii ilikaa wapi anakwenda kuchungulia. (Akitaka kuchungulia lazima aufungue nao dramu, lakini shuu zake asiziguse.) Springi ni kali, zinaweza kurukia jicho. Mkono wa hendibreki hutolewa kwenye shuu kuukuu na kuhamishiwa kwenye mpya. Kabla ya kufunga, mipira ya silinda huinuliwa kidogo kwa kidole. Kukiwa na maji maji ndani, silinda inavuja, na shuu mpya zitaharibika ndani ya wiki. Vile vile mafuta ya ekseli yakipenya kwenye sili na kulowesha lainingi, hizo shuu hazina kazi tena hata zikikaushwa juani siku nzima. Dramu nayo hukaguliwa. Upana wa ndani ulioruhusiwa umepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe. Ikiwa na mifereji hupelekwa kwa mwenye mashine akaikereze. Ikipita kipimo hicho, ni ya kuuza kwa kilo.

Dramu ikiwa nje mtu asikanyage breki hata kwa utani, vipistoni vitachomoka kwenye silinda. Shuu mpya hufungwa upande wa kushoto na wa kulia siku moja. Gari lenye shuu mpya upande mmoja huvuta upande ukibreki. Marekebisho hukazwa mpaka dramu inapozunguka kwa mkono isikike ikikwaruza kidogo sana, basi. Kama paipu ilifunguliwa, hewa hutolewa: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga nati ya kutolea hewa, wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi. Na kinachotiwa ni mafuta ya breki peke yake. Kuna wanaotia maji ya sabuni ili wafike nyumbani. Maji huchemka breki zikipata moto, na kanyagio likaenda chini kama limekanyaga pamba.

Hiyo habari ya moto inaturudisha kwenye ule mteremko wa kutoka Kiboswa. Udhaifu wa breki ya Renault ni huu: kila kitu kimefichwa, kwa hiyo na joto nalo limefichwa. Dereva akishikilia breki mteremko mzima, dramu inapata moto, inatanuka, inazikimbia shuu. Lainingi nayo ikiwa na moto hupoteza mshiko wake. Ndiyo sababu dereva mzoefu hushusha gia kabla ya mteremko, injini imsaidie, naye anagusa breki na kuachilia. Na ndiyo sababu vile vile magari ya mbio na magurudumu ya mbele ya magari mengi yalihamia kwenye diski, ambazo ziko wazi kwa upepo. Lakini nyuma ya pikapu dramu imebaki, kwa kuwa ni rahisi bei, inavumilia tope na inashika vizuri kwa hendibreki.

Tumrudie mwenyewe. Mwaka ule ule wa 1902, kaka yake Marcel alishinda mashindano ya magari kutoka Paris hadi Vienna, akiwashinda wenye injini kubwa zaidi. Jina la Renault likavuma. Mei 1903 ndugu wote wawili wakaingia katika mashindano ya Paris hadi Madrid. Barabara zilikuwa za vumbi, watu wamejaa pande zote mbili hawana habari ya kasi ya gari. Tarehe 24 Mei Marcel alipata ajali karibu na Couhé-Vérac, akafariki baada ya siku mbili. Wengine nao walikufa siku hiyo, washindani na watazamaji, hata serikali ikaamuru mashindano yakome Bordeaux. Louis alikuwa amefika Bordeaux miongoni mwa wa kwanza kabisa. Hakuendesha tena katika mashindano. Mimi huona kwamba hapo ndipo kitu fulani kilipofunga ndani yake. Marcel ndiye aliyekuwa mcheshi, mtu wa watu. Louis alikuwa mgumu wa maneno tangu utotoni. Fernand naye aliugua, akaacha kazi, akafariki mwaka wa 1909. Mvulana wa kibandani akabaki peke yake na kiwanda kizima.

Kiwanda kilikua. Mwaka wa 1905 kampuni moja ya teksi za Paris iliagiza magari 250 kwa mpigo, na baada ya miaka michache teksi za Renault zilikuwa kila mahali. Septemba 1914 Wajerumani walipoukaribia mji wa Paris, takriban teksi 600, nyingi zikiwa Renault, zilichukuliwa kuwabeba askari kiasi cha 6,000 kwenda kupigana karibu na mto Marne. Na mita zao zilikuwa zikihesabu njia nzima! Serikali ililipa nauli. Kabla vita hivyo havijaisha, kiwanda cha Louis kilikuwa kimeunda kifaru kidogo aina ya FT, chenye mzinga unaozunguka pande zote. Umbo la vifaru vya baadaye lilitoka hapo. Kwa Wafaransa, Renault akawa shujaa.

Bara letu pia lilimwona, au lilikiona alichokiunda. Mnamo mwaka wa 1924 na 1925 Kapteni Delingette na mkewe walisafiri kwa gari la Renault la magurudumu sita kutoka Algeria, wakavuka Sahara na misitu, mpaka Cape Town. Nani alijua barabara za Afrika siku hizo? Daraja hamna, petroli hamna.

Lakini wafanyakazi wake walikuwa na simulizi nyingine. Louis alikwenda Marekani mwaka wa 1911, akaona kiwanda cha Henry Ford, akarudi na shauku ya kupima kila kazi kwa saa. Mtu akikaza bolti, pembeni amesimama msimamizi na saa mkononi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1913 wafanyakazi waligoma kwa majuma mengi. Walishindwa, na mamia wakafukuzwa. Mwaka wa 1936 waligoma tena, safari hii wakalala ndani ya kiwanda, wakati wafanyakazi wa Ufaransa nzima walipokuwa wakidai haki zao, wakapata likizo ya malipo. Kiwanda kilikuwa kimeenea hadi kisiwa kizima cha Seguin katikati ya mto Seine. Bwana Renault aliweza kuitambua mashine mbovu kwa kuisikiliza, lakini kilio cha aliyesimama mbele ya mashine hiyo hakukisikia. Hayo ni maoni yangu, na anayepinga karibu toleo lijalo.

Vita vya Pili vikaja. Mwaka wa 1940 Ujerumani iliiteka Ufaransa. Louis, ambaye alikuwa ametumwa Marekani kwa ajili ya vifaru, alirudi nyumbani akakuta kiwanda kimewekwa chini ya wasimamizi wa Kijerumani. Angeweza kukimbia, kama wengine walivyokimbia. Hakukimbia. Kiwanda kiliendelea kufanya kazi, na malori zaidi ya 30,000 yakaenda kwa jeshi la Ujerumani. Utetezi wake ulikuwa kwamba akikataa, mashine zingeng'olewa na wafanyakazi kupelekwa Ujerumani kwa nguvu. Usiku wa tarehe 3 Machi 1942 ndege za Uingereza zililipiga bomu eneo la Billancourt. Mamia ya raia walikufa. Louis akaanza kujenga upya. Wakati huo alikuwa mgonjwa. Maneno, ambayo hayakuwa rafiki yake hata ujanani, sasa yalimkwama kabisa.

Paris ilikombolewa Agosti 1944. Mwezi uliofuata alikamatwa kwa shtaka la kushirikiana na adui, akatiwa katika gereza la Fresnes. Hali yake ikaharibika upesi. Alihamishwa hospitalini, na tarehe 24 Oktoba 1944 akafariki, akiwa na umri wa miaka 67, kabla kesi yake haijasikizwa. Mjane wake, Christiane, alishikilia maisha yake yote kwamba mumewe aliteswa gerezani. Mahakama haikuthibitisha hilo. Tarehe 16 Januari 1945 serikali ilitaifisha kampuni yake.

Katika mjadala wa chama muhula uliopita tuligawanyika. Kundi moja lilisema malori 30,000 ni malori 30,000, na askari waliobebwa humo walikwenda kuua watu; msaliti ni msaliti. Kundi la pili lilisema kampuni nyingi za Ufaransa ziliwafanyia Wajerumani kazi, na wenyewe wakaachiwa mali zao, kwa nini huyu? Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza na bado nimo humo kuhusu malori. Lakini katika nchi hii yetu, ambako watu waliwekwa kizuizini bila kesi tangu hali ya hatari ya mwaka wa 1952, na baada ya Uhuru vile vile, hatuwezi kusema kwamba kumhukumu maiti ni sawa na kumhukumu mtu. Angefikishwa kortini, akaulizwa, akajibu kwa maneno yake machache. Huenda angepatikana na hatia. Tungejua.

Serikali ya Ufaransa ilishikilia sehemu kubwa ya kampuni hiyo hadi mwaka wa 1996. Wajukuu wa Louis walikwenda mahakamani mwaka wa 2011 kudai kwamba mali ya babu yao ilichukuliwa kinyume cha sheria, na Januari 2012 mahakama ya Paris ikasema haina mamlaka ya kuamua jambo hilo. Mwenyewe amezikwa Herqueville, kijiji cha Normandy alikokuwa na shamba, si mbali na ule mto Seine aliouchezea vyuma kando yake akiwa kijana.